Habari Ifuate Njia ya Mbu: Uteuzi wa Njia za Kupasha Habari za Afya katika Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Katikati ya mwaka 2004, wakazi wa kisiwa cha Lamu walianza kuugua homa iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Magoti, vifundo na vidole vilivimba vikakataa kukunjuka, na waliougua walitembea wameinama. Vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba maradhi hayo yalikuwa chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baada ya mlipuko ulionyesha kuwa takriban asilimia 75 ya waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, ugonjwa ulikuwa umeshuka hadi Mombasa. Mwaka 2005 uliingia visiwa vya Komoro, kisha ukavuka hadi kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya wakazi walikuwa wameugua kufikia mwaka 2006.

Mkondo huo wa maradhi, kutoka kisiwa kimoja hadi kingine kwa mwendo wa miezi michache, unaibua suala ambalo haliwahusu madaktari peke yao. Habari za kujikinga zilihitaji kusafiri kwa kasi ya ugonjwa wenyewe, zikifuata njia zilezile, na zikifika mahali palepale ambapo mbu alizaliwa. Je, ni njia zipi zingeweza kufanya kazi hiyo? Na lugha ina nafasi gani katika uteuzi wa njia hizo?

Makala haya yanajadili uteuzi wa njia za kupasha habari za afya ya umma katika ngazi ya mahali na katika ngazi ya kanda, kwa kurejelea magonjwa yanayoenezwa na mbu katika Pwani ya Afrika Mashariki na maeneo jirani. Hoja kuu ni kwamba njia ya mawasiliano haifai kuteuliwa kwa kigezo cha idadi ya watu inaowafikia pekee. Inafaa iteuliwe kwa kuuliza maswali manne: ni nani hasa anayeweza kutenda lile linaloambiwa? Anamwamini nani? Akiwa na swali, anaweza kumuuliza nani? Na ugonjwa wenyewe unapita wapi?

Mbu, Maji na Ujumbe

Uteuzi wa njia hauwezi kutenganishwa na maudhui ya ujumbe. Chikungunya husababishwa na virusi vinavyoenezwa hasa na mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye ndiye pia mwenezaji mkuu wa homa ya dengue. Mbu huyu hutofautiana na Anopheles, anayeeneza malaria, kwa mambo matatu yenye uzito mkubwa kimawasiliano. Kwanza, huuma mchana, hususan asubuhi na jioni kabla ya giza kuingia. Pili, hapendelei vinamasi na madimbwi makubwa. Hutaga mayai katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya binadamu, mathalani mapipa, mitungi, matangi, ndoo, vifuu na magurudumu yaliyotupwa. Tatu, mayai yake hung'ang'ania kuta za chombo na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji bila kusugua chombo, basi, ni kazi nusu.

Ni bayana, kwa hivyo, kwa nini mlipuko wa mwaka 2004 ulitokea wakati wa ukame na si wakati wa masika. Watafiti waliouchunguza walieleza kwamba uhaba wa maji uliwalazimu watu kuyahifadhi majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha. Aliyezoea kuhusisha mbu na mvua hakuwa na sababu ya kuwashuku wakati visima vinakauka.

Kwa miaka mingi, ujumbe uliotawala nchini Kenya kuhusu mbu umekuwa kulala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Ujumbe huo ni sahihi kwa malaria na umeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, hautoshi kwa chikungunya wala dengue. Mama anaweza kuutii kila usiku, kisha akaumwa saa nne asubuhi akiwa uani anafua nguo, kando ya pipa lisilo kifuniko. Chandarua bado kina kazi, hasa kwa mtoto anayelala mchana na kwa mgonjwa ambaye mbu akimuuma atawapelekea wengine virusi, lakini si ngao kamili. Hivi ni kusema kuwa ujumbe wa kweli ukipelekwa kwa tatizo lisilo lake huweza kuwapa watu imani ya kujikinga ilhali hawajajikinga.

Ujumbe unaohitajika, basi, ni mahususi zaidi: vyombo vya maji vifunikwe, visuguliwe angalau mara moja kwa wiki, watu wajikinge mchana, mwenye joto kali mwilini apimwe badala ya kujinunulia dawa za malaria, na kabla ya dengue kuondolewa katika orodha ya shaka, mgonjwa asitumie aspirini wala dawa za jamii ya ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Kila mojawapo ya kauli hizi ina mtendaji wake. Hapo ndipo suala la njia linapoanza.

Jina la Ugonjwa na Msamiati wa Ujumbe

Kabla ya redio na kabla ya mimbari, njia ya kwanza ya habari ni neno lenyewe. Historia ya magonjwa haya mawili inalidhihirisha hilo. Neno chikungunya lilitokana na Kimakonde. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kufuatia mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na maelezo ya Marion Robinson na W. H. R. Lumsden yakachapishwa mwaka 1955. Jina hilo hurejelea kujikunja au kupindana, kwa sababu ya jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu. Wenyeji walilitazama umbo la mgonjwa wakalipa ugonjwa jina, na ulimwengu mzima ukalichukua.

Kwa upande wa dengue, Kiswahili kina neno kidingapopo, linalotumika hasa Tanzania. Katika karne ya 19, daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, iliyokumbukwa kutoka mwaka 1823 na kuzuka tena mwaka 1870. Baadhi ya wanaleksikografia hulitaja jina hilo kama asili inayowezekana ya neno dengue. Ajabu ni kwamba baadhi ya wataalamu wa historia ya tiba wamehoji kuwa homa iliyoitwa kwa jina hilo wakati huo huenda ilikuwa chikungunya. Funzo ni kwamba jina peke yake halitofautishi magonjwa yanayofanana. Anayepasha habari analazimika kutaja jina, dalili na chanzo kwa pamoja. Aidha, jina linalodokeza pepo linaweza kumwelekeza msikilizaji kwenye chanzo tofauti kabisa na kile kilichomo ndani ya pipa lake.

Wakati mwingine jina la mtaani huhifadhi njia ya ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkoani Kagera, kabla ya jina UKIMWI kuenea, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Jina hilo halikueleza virusi, lakini lilionyesha kuwa jamii ilikuwa imeuona uhusiano baina ya maradhi na safari za biashara. Mpasha habari makini hawezi kulipuuza jina la aina hiyo kwa kuwa si sanifu. Ni ushahidi wa jinsi watu wanavyoufikiria ugonjwa.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale neno moja linapokuwa na maana mbili katika kanda moja. Neno homa ni mfano mzuri. Katika Pwani na nchini Tanzania, homa ni kupanda kwa joto la mwili. Katika sehemu nyingi za bara ya Kenya, aghalabu mtu akisema ana homa humaanisha mafua na kupiga chafya. Bango linalosema "Ukiwa na homa, nenda kituo cha afya" litamfanya msomaji wa Malindi aende, na huenda likamfanya msomaji wa Nakuru ashangae kwa nini mafua yamegeuka jambo la hospitali. Vivyo hivyo, mtungi kwa Wakenya wengi ni chombo cha plastiki cha lita 20. Kwa msomaji wa Tanzania ni chombo cha udongo, na kile cha plastiki ni dumu. Anayeambiwa asugue mtungi naye ana madumu pekee, atajiona hahusiki. Suluhisho ni kueleza kwa uwazi: "joto la mwili likipanda", "chombo chochote unachohifadhia maji".

Mlipuko wa UVIKO-19, uliothibitishwa kuingia Kenya mnamo Machi 2020, ulitoa funzo la namna hiyo hiyo. Neno barakoa, ambalo kwa muda mrefu lilirejelea kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake, lilipanuliwa maana na kukubalika upesi kwa sababu lilikuwa tayari ndani ya lugha. Kinyume chake, maneno "marufuku ya kutotoka nje" yalienea katika vyombo vya habari ilhali yana kasoro ya kimantiki. Marufuku ya kutotoka ni katazo la kukaa ndani. Wasikilizaji walielewa kilichokusudiwa kwa sababu polisi walikuwa barabarani kukifafanua. Kauli kuhusu dawa au maji haina polisi wa kuifafanua; ikikosewa, inabaki imekosewa.

Njia za Mahali: Nani Anayefunika Pipa?

Ujumbe ukishapata maneno yake, unahitaji mlango wa kuingilia. Katika ngazi ya mahali, swali la msingi ni nani anayefunika pipa. Katika nyumba nyingi za Pwani, maji husimamiwa na wanawake na watoto. Tangazo la gazetini, hata likiandikwa kwa Kiswahili fasaha, linaweza kumfikia baba aliye kazini na lisimfikie mtendaji. Njia zinazomfikia mtendaji ni nyingine.

Ya kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii. Kenya iliasisi mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006, na mwaka 2023 serikali ilizindua mpango mpana wa wahudumu wapatao 100,000 wanaozuru nyumba kwa nyumba. Huyu ana fadhila ambayo redio haina: anaweza kuonyesha. Akichota maji ya pipa kwa kikombe cheupe na kumwonyesha mwenye nyumba viluwiluwi wanaocheza ndani yake, hahitaji kumshawishi kwa maneno mengi. Hata hivyo, huweza kuonekana mkaguzi aliyekuja kutafuta makosa. Kwa hivyo lugha yake haina budi kuwa ya heshima: "Mama, tutazame pamoja" hufungua mlango ambao "Fungua tuone" huufunga.

Ya pili ni mimbari. Hutuba ya Ijumaa na misa ya Jumapili zina sifa mbili zinazozifaa habari hizi. Sifa inayotajwa mara nyingi ni kuaminika kwa msemaji. Sifa isiyotajwa ni mzunguko wake. Aedes huhitaji takriban juma moja au zaidi kidogo kutoka yai hadi kuwa mbu mwenye mbawa. Hutuba hurudi kila baada ya siku saba. Imamu au kasisi anayewakumbusha waumini kusugua vyombo vyao kila wiki huwa amefungamanisha kazi hiyo na ratiba ambayo jamii tayari inaishika. Isitoshe, usafi ni mada iliyo nyumbani katika mimbari na haihitaji kubebeshwa kwa nguvu. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea mkusanyiko. Mnamo Machi 2020, ibada za pamoja zilipositishwa nchini Kenya, mimbari zilinyamaza wakati ule ule zilipohitajika. Hakuna njia moja inayofaa kuachiwa mzigo wote.

Ya tatu ni duka la dawa. Mwenye maumivu ya viungo aghalabu hufika dukani kabla ya kufika hospitalini. Muuzaji ndiye anayesikia "nipe dawa ya malaria" au "nipe ya kutuliza maumivu", na ndiye anayeweza kuuliza kama mgonjwa amepimwa na kumwepusha na aspirini. Katika milipuko ya dengue mjini Mombasa, kama ule wa mwaka 2013, kauli ya dakika moja kwenye kaunta ina thamani kuliko bango kubwa barabarani, kwa kuwa husemwa wakati wa uamuzi wenyewe.

Ya nne ni muuza maji. Katika mitaa ya Mombasa ambako mifereji hukauka, maji hufika kwa mikokoteni. Msukuma mkokoteni huyajua majumba yanayohifadhi maji na siku yanapoyahitaji. Anapoyamimina ndiyo saa mwafaka ya kukumbusha kwamba chombo kisuguliwe kwanza. Mipango ya afya mara nyingi humtazama mtu wa aina hii kama sehemu ya tatizo, ilhali ndiye mjumbe anayepiga hodi mlangoni maji yanapofika.

Katika haya yote, ujumbe hupata nguvu unapoegemea maarifa yaliyopo. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, birika la maji la msalani liliwekwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi wa mbu. Wajenzi wa nyumba hizo hawakuwa na hadubini, lakini walijua kuwa maji yaliyotulia huzaa mbu na kwamba dawa yake inaweza kuwekwa ndani ya maji hayohayo. Mpasha habari anayeanza na samaki wa birika haleti jambo geni. Anawakumbusha watu walilolijua, kisha anawaongoza kutoka birikani hadi kwenye pipa la plastiki lisilo na samaki.

Redio: Upana na Kina

Redio imebaki kuwa njia yenye upana mkubwa, na Afrika Mashariki ina tajiriba ndefu ya kuitumia kwa afya. Nchini Kenya, mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana ulianza kutangazwa katika miaka ya 1980 na kurejea baadaye, ukizungumzia uzazi wa mpango na afya ya familia. Nchini Tanzania, Twende na Wakati ulianza mwaka 1993 kupitia Redio Tanzania. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, aliwapa wasikilizaji mfano wa tabia iliyowaponza watu pasipo mtangazaji kuwahubiria. Katika miaka ya mwanzo, kituo cha Dodoma kilitangaza vipindi vingine, na hivyo watafiti waliweza kulinganisha eneo hilo na maeneo yaliyousikia mchezo. Walibaini kuwa palipotangazwa, matumizi ya uzazi wa mpango na mazungumzo ya mume na mke kuhusu jambo hilo yaliongezeka zaidi.

Matokeo hayo yana siri moja inayowahusu wanafunzi wa fasihi. Mchezo haukufaulu kwa sababu ya ukubwa wa sauti ya redio. Ulifaulu kwa sababu uliwafanya wasikilizaji wazungumze baada ya redio kuzimwa. Mkwaju aligeuka jina la kusemea jambo ambalo mume na mke walishindwa kulisema moja kwa moja. Njia ya umbali ilizaa njia ya karibu. Kipimo cha kipindi cha afya, basi, kisiwe tu wangapi walisikiliza, bali wangapi waliendelea kukisema jikoni, barazani na kisimani.

Kukombolewa kwa mawimbi ya redio nchini Kenya kuliongeza chaguo. Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, na baadaye vikafuata vituo vya lugha nyingine nyingi, vikiwemo vya Kimijikenda na Kisomali. Katika Pwani, swali si Kiswahili au Kimijikenda. Kiswahili huwaunganisha wakazi wa mji wenye makabila mengi. Kimijikenda huweza kumfikia bibi wa Kaloleni kwa maneno ya jikoni mwake. Upana unatafutwa kwa lugha ya kwanza, kina kwa ya pili, na mpango ulio timamu huvitaka vyote viwili.

Njia ya Kwenda na Kurudi

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa habari za afya hutoka kwa wataalamu kwenda kwa wananchi tu. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2006 kaskazini mashariki mwa Kenya na kuua zaidi ya watu 150 nchini, ulidhihirisha vinginevyo. Utafiti uliofanywa baadaye miongoni mwa wafugaji wa Kisomali ulionyesha kuwa walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, wingi wa mbu, na mifugo iliyoharibu mimba na kutokwa damu puani, kabla ya mlipuko kutambuliwa rasmi. Lugha yao ilikuwa hata na jina la ugonjwa huo, sandik, linalorejelea pua inayovuja damu.

Wafugaji hao walikuwa na habari. Kilichokosekana ni njia ya kuzipeleka. Laiti pangalikuwa na mtu wa kupokea neno sandik na kulielewa, siku kadhaa za thamani zingaliokolewa. Njia nzuri ya mawasiliano, kwa hivyo, ni ile inayopitisha swali na onyo kutoka chini kama inavyopitisha agizo kutoka juu. Kipindi cha redio kinachopokea simu, baraza la chifu linalompa mzee nafasi ya kusema, na mhudumu wa jamii anayeandika majina ya kienyeji ya dalili, vyote ni masikio ya mfumo wa afya. Kulisajili jina la kienyeji na kulieleza maana ni kazi ya mwanaleksikografia kabla ya kuwa kazi ya tabibu.

Ngazi ya Kanda: Ramani ya Ugonjwa na Ramani ya Lugha

Magonjwa hayaombi viza. James Christie aliyetajwa awali alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, akionyesha jinsi maradhi yalivyofuata njia za misafara na za majahazi. Karne moja na zaidi baadaye, chikungunya ilifuata mkondo unaokaribia huo: Lamu, Mombasa, Ngazija.

Mwanafunzi wa isimu akiitazama njia hiyo ataona jambo la kustaajabisha. Kiamu, Kimvita, Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro zote huainishwa katika kundi moja la Sabaki. Ugonjwa ulipita ndani ya ukoo mmoja wa lugha. Onyo lililotungwa Lamu kwa maneno mepesi lingeweza kufasiriwa kwa wepesi Komoro. Hata hivyo, mipaka ya kiutawala haikufuata ukoo huo. Komoro si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo njia za habari za Jumuiya hazimfikii jirani ambaye ugonjwa ulimfikia bila shida.

Wakati mwingine lugha ya kanda inayofaa si Kiswahili. Mwaka 2016, chikungunya ilizuka Mandera, mji ulio kwenye pembe ya Kenya, Somalia na Ethiopia, na wagonjwa zaidi ya 1,700 wakaripotiwa. Huko, Kisomali ndicho kinachovuka mipaka yote mitatu. Kupeleka Mandera mabango yaliyochapishwa kwa Kiswahili cha Nairobi ni kuifuata ramani ya utawala na kuiacha ramani ya ugonjwa. Mpenzi wa kweli wa Kiswahili hana haja ya kukitetea mahali ambapo hakiwezi kumwokoa mtu.

Palipo na Kiswahili pande zote mbili za mpaka, kama Lungalunga na Horohoro, kazi ni nyingine, nayo ni kuoanisha istilahi. Haileti maana msafiri asikie "dengue" upande mmoja na "kidingapopo" upande wa pili bila kuambiwa kuwa ni kitu kimoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, zinaweza kuandaa mapema orodha fupi ya istilahi za magonjwa ya mlipuko, kila moja ikiwa na visawe vyake vya Kenya, Tanzania na kwingineko. Istilahi hizo hazifai kutungwa wakati wagonjwa wamekwisha kulazwa.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Inatambua pia haki ya kila mtu kupata huduma za afya za kiwango cha juu kadiri iwezekanavyo, pamoja na haki ya raia kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Vifungu hivyo vikisomwa pamoja, habari ya afya isiyoeleweka ni haki iliyocheleweshwa. Tangu mwaka 2013, huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na hivyo uteuzi wa njia za habari unaweza kufanywa karibu zaidi na watu wanaohusika.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao bayana katika kazi hii. Wanaweza kuyajaribu matangazo ya afya kwa wasikilizaji kabla hayajachapishwa, kwa kuwauliza si kama wameelewa, maana wengi watajibu ndiyo, bali watafanya nini baada ya kuyasikia. Wanaweza kukusanya majina ya kienyeji ya magonjwa na dalili zake. Wanaweza kuonyesha pale neno moja linapogawanyika maana kati ya Malindi na Nakuru. Wanaweza kuandika michezo ya redio ambayo wahusika wake wataendelea kuzungumziwa barazani. Kazi hizi hazihitaji maabara. Zinahitaji sikio na subira.

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Kinga hiyo huanza pale mtu anayechota maji anapoambiwa jambo sahihi, kwa neno analolijua, na mtu anayemwamini, kabla mbu hajaota mbawa. Pwani ya Afrika Mashariki itapata ukame mwingine, na mapipa yatajazwa tena. Tofauti kati ya mlipuko ujao na ule wa mwaka 2004 huenda ikategemea kama vifuniko vyake vitakuwa vimefungwa, na kama kuna aliyepita mapema kueleza kwa nini.